Feni ya mashine ya mayai ya kobe: polepole kiasi gani, na waya upite wapi

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, niko Iringa. Nafuga kobe kwa kibali, na jike mmoja ametaga mayai 11. Nimetengeneza mashine ya kutotolesha kwa friji bovu: taa mbili za wati 40, themostati ya kidijitali ya volti 220, na feni ya kompyuta ya volti 12 inayokula kwenye adapta. Tatizo ni feni, inapuliza kama upepo wa mlimani. Napima mayai kila wiki kwa mizani ya jikoni; yaliyo upande wa feni yamepungua gramu 3, ya upande wa pili gramu 1 tu. Nilinunua regulata ya pangaboi nikaifunga kabla ya adapta. Feni haikupungua kasi hata kidogo, ila adapta ilianza kulia na kunuka, nikaitoa. Fundi mmoja hapa ameniambia niweke rezista. Nifunge nini, na nifungeje? Feni nimeiunga pamoja na taa ili zizime pamoja, kuokoa umeme.

Jibu:

Marahaba, mwalimu, na kamwene. Umenirahisishia kazi kwa sababu umekuja na vipimo. Wengi huniletea mashine hapa Mbeya wakisema "haitotoi", basi. Ila ile sentensi yako ya mwisho, ya feni na taa kuzima pamoja, uliyoitupia kama nyongeza, ndiyo iliyofanya chai yangu ipoe mezani. Nitaifikia. Tuanze na regulata, maana ilikaribia kukuunguzia adapta.

Regulata ya pangaboi ni ya mota inayokula umeme wa AC moja kwa moja kutoka ukutani. Zile zenye kitufe cha kuzungusha hukatakata wimbi la umeme: wimbi linaanza, regulata inalizuia kidogo, halafu inaachia lililobaki. Pangaboi likipata nusu ya wimbi linazunguka kichovu. Lakini kati ya ukuta na feni yako kuna adapta, na adapta kazi yake ni kutojali kinachoingia. Soma maandishi ya mgongoni, utaona 100–240 V. Mpe 110, mpe 230, atatoa 12 zile zile. Ukimlisha mawimbi yaliyokatwa bado atapigania kutoa 12, huku kapasita yake ya mlangoni ikijazwa kwa kishindo mara 100 kila sekunde. Huo ndio mlio uliousikia, na harufu ni joto lake. Feni isingepungua kasi mpaka adapta ife. Hiyo regulata itunzie pangaboi la sebuleni, ingawa kwa baridi ya Iringa pangaboi ni la kazi gani sijui.

Kwa hiyo kasi ya feni ya DC, yaani inayokula umeme wa namna ya betri, inapunguzwa upande wa DC, baada ya adapta. Hilo ndilo jibu fupi la nusu ya swali lako. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni hii: ipunguzwe mpaka wapi?

Feni kwenye mashine ya mayai si ya kupuliza mayai. Ni mwiko wa uji. Bila mwiko, joto la taa linapanda linakaa juu ya friji kama donge, chini kunabaki ubaridi, na themostati inakuonyesha namba ya pale tu ilipo pua yake. Kwa kuku tofauti hiyo inakupotezea vifaranga. Kwa kobe ina jambo la ziada, kwa sababu joto la yai ndilo linaloamua jinsia: kwa kobe wengi, joto la chini huelekea kutoa madume na la juu majike. (Mamba wetu wa mto ana utaratibu wake mwingine, majike hutoka kwenye joto la chini na madume kwenye la juu kidogo, kwa hiyo usichukue hesabu ya mamba ukaileta kwa kobe.) Rafu ya juu ikiwa digrii 32 na ya chini 28, wewe unadhani umeweka 30, kumbe una mashine mbili ndani ya friji moja.

Basi mwiko lazima uwepo. Lakini uji haukorogwi kwa mashine ya kukoboa. Kila yai limezungukwa na tabaka jembamba la hewa yenye unyevu uliotoka kwenye yai lenyewe. Tabaka hilo likitulia, maji hutoka polepole. Upepo ukilifagia kila sekunde, yai linasukuma maji mengine kujaza pengo. Ndiyo gramu 3 zako dhidi ya gramu 1. Na sisi wa nyanda za juu tuna mzigo wa ziada ambao watu wa Dar hawana. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700. Shinikizo la hewa hapa kwetu ni asilimia 80 na kidogo tu ya lile la pwani, na mvuke hupenya tundu za ganda upesi zaidi pale hewa inapokuwa nyepesi. Ongeza ukavu wa kuanzia Juni hadi Oktoba. Mtu akikupa vipimo vya feni vilivyomfaa Tanga, vipokee kwa heshima halafu vipunguze.

Sasa utasema, basi nipunguze feni mpaka iwe inajivuta tu. Hapo ndipo nilipowahi kuungua mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilimtengenezea mama mmoja wa Uyole mashine ya mayai ya kuku, feni ya kompyuta kama yako. Alitaka iwe kimya kwa sababu ingekaa chumba cha watoto. Nikaishusha mpaka volti 4 na kidogo. Ikawa inazunguka taratibu, haisikiki, nikajisifu. Ikaenda wiki mbili bila tatizo. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Taa zikawaka, themostati ikawaka, feni haikuamka. Volti 4 zilitosha kuiendesha feni iliyokwisha kuanza. Hazikutosha kuianzisha ikiwa imesimama, tena ikiwa imepoa usiku kucha na grisi yake imekuwa nzito. Joto likajaa juu, kihisi cha themostati kilikuwa chini kikiona ubaridi, kikaendelea kuagiza taa ziwake. Mama alipofungua saa mbili asubuhi, trei ya juu ilikuwa mayai ya kuchemsha. Nilimlipa mayai yote, na tangu siku hiyo sijawahi kuweka kasi ya feni kwa kuangalia inavyozunguka. Ninaiweka kwa kuangalia inavyoamka.

Feni yoyote ya namna hii ina volti mbili za kujua. Ya kwanza ni ya kuianzisha kutoka kusimama. Ya pili, ambayo ni ndogo, ni ile inayozima ukishusha chini yake. Nyingi za sentimita 8 na 12 zilizopita mezani kwangu huanza mahali fulani kati ya volti 4 na 7, na zikishaanza huendelea mpaka 3 na kitu. Pengo hilo kati ya kuanza na kuzima ndilo shimo. Ukiweka kasi yako humo ndani, mashine itafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku umeme utakapokatika, na wewe na mimi tunajua siku hiyo haiko mbali.

Sasa rudi kwenye sentensi yako ya mwisho. Umeunga feni na taa zizime pamoja. Tuseme themostati inawasha na kuzima kila dakika 10. Hiyo ni mara 144 kwa siku. Mayai ya kobe huchukua miezi minne, mitano, wakati mwingine zaidi. Kwa siku 120 pekee umeilazimisha feni ianze kutoka kusimama mara 17,280. Kwa volti 12 inaamka kila mara, ndiyo maana hujaona kasoro. Siku utakapoipunguza kasi, kila moja ya hizo ni bahati nasibu. Na hata isipokwama, taa ikizima feni nayo ikasimama, joto lililobaki kwenye balbu linapanda juu peke yake, kihisi hakina habari, na joto linayumba kuliko unavyosoma kwenye kioo.

Kuhusu kuokoa umeme, hebu tupige hesabu. Feni ya volti 12 inayovuta ampea 0.18 inakula wati 2 na kidogo. Ukiishusha mpaka volti 7 inakula kama wati 0.7, kwa sababu feni ikipungua kasi, nguvu inayohitaji inaporomoka sana. Ikizunguka usiku na mchana kwa siku 120, ni yuniti 2 za LUKU. Ongeza kinacholiwa na adapta yenyewe, bado hazifiki 5. Iache izunguke, mwalimu.

Tuje kwenye rezista uliyoshauriwa. Si ushauri wa kijinga, hesabu yake inakubali. Rezista ya omu 47 mbele ya feni inayovuta ampea 0.1 inapunguza volti 4.7, feni inabaki na 7.3. Safi. Lakini angalia wakati wa kuanza. Feni ikiwa inaanza huvuta mkondo mkubwa kuliko ikiwa mwendoni, na rezista hupunguza volti kwa kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa. Ikitaka ampea 0.2, rezista inakula volti 9.4, feni inabaki na 2.6. Yaani rezista inaibana feni koo wakati ule ule inapohitaji pumzi. Ndiyo maana siipendi kwa kazi hii, na kama ungeifunga ungesema feni yako "ina mapepo", leo inaamka kesho haiamki.

Dayodi haina tabia hiyo. Dayodi ya 1N4007, ile nyeusi ndogo yenye mstari mweupe, inapunguza kati ya volti 0.7 na 0.8, na hata mkondo ukiongezeka maradufu kinachozidi ni kidogo sana. Zipange sita mfululizo kama ngazi kwenye waya chanya wa feni, mstari mweupe wa kila moja ukielekea upande wa feni, na volti 12 zako zinabaki 7 na nusu hivi. Ukitaka kushuka ongeza moja, ukitaka kupanda ruka moja. Ni za bei ya pipi, na ubao wowote wa redio mbovu au chaja iliyokufa huwa nazo. Zina uzuri mwingine ambao mafundi hatuusemi: hazina kitufe. Mtoto hawezi kuzungusha, mtikisiko hauzihamishi, na baada ya miaka mitano zitakuwa zinapunguza kiasi kile kile.

Ukitaka kitu cha kurekebisha kwa bisibisi, tafuta kibao kidogo cha kushushia volti kinachoitwa LM2596. Wauza vipuri vya elektroniki wa Mwanjelwa hapa Mbeya wanakijua, na hapo Iringa nadhani hutakosa. Ni kibao cha ukubwa wa kidole gumba chenye koili nyeusi na kidude cha buluu chenye skrubu ndogo ya shaba. Kina matundu manne: IN+ na IN− yanapokea kutoka adapta, OUT+ na OUT− yanakwenda kwenye feni. Usikosee chanya na hasi upande wa kuingilia, hakikupi nafasi ya pili. Kabla ya kuunga feni, weka mita kwenye OUT, zungusha skrubu. Mara nyingi utazungusha raundi nyingi bila namba kubadilika ukadhani ni kibovu. Endelea, kwa kawaida kinyume cha saa, itafika mahali ianze kushuka. Ukishapata volti unayotaka, dondoshea skrubu rangi ya kucha ili isihame.

Njia ya mvivu, ambayo siionei aibu, ni adapta ya volti 9 kutoka kwenye ruta iliyotupwa. Hakuna cha kufunga, feni inaunganishwa moja kwa moja. Ipime tu kwa mita kwanza, kwa sababu zile adapta za zamani nzito zenye transfoma ndani huandika 9 na kutoa 12 zikiwa na mzigo mdogo. Na mwenye mkono wa kulehemu anaweza kutumia LM317, kidude cha miguu mitatu cha kushushia volti, akiweka rezista ya omu 240 kati ya mguu wa kutolea na wa kurekebishia, kisha kutoka mguu wa kurekebishia kwenda hasi aweke rezista ya omu 1,000 ikifuatana na potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya omu 1,000. Ile 1,000 isiyozungushwa ndiyo sakafu: hata mtu azungushe kitufe mpaka mwisho, volti hazishuki chini ya 6.5. Ningekuwa na nafasi ningekueleza zaidi, ila kwa mashine moja ya nyumbani ni kazi kubwa isiyo na sababu.

Feni yenye waya nne ni habari nyingine. Hiyo ina waya wa buluu wa kupokea amri ya kasi, na volti 12 zake huwa haziguswi. Ukiwa nayo na huna kifaa cha kutuma amri hiyo, acha wa buluu ukining'inia; feni itakwenda kasi yote, nawe utaipunguza kwa dayodi kama nyingine. Yako naamini ni ya waya mbili au tatu. Ikiwa ni tatu, nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, na njano inatoa habari ya mizunguko. Njano ifunge tepu uisahau. Usijaribu kugeuza upepo kwa kubadilishana nyekundu na nyeusi. Watu hujaribu. Feni hizi zina sakiti ndani, ukigeuza waya hazirudi nyuma, hazizunguki kabisa, na nyingine hufa. Upepo unageuzwa kwa kugeuza feni yenyewe.

Sasa waya upite wapi. Plagi yako ya pini tatu iwe na fyuzi ya ampea 3; nyingi huja na 13 kutoka dukani, na 13 itaunguza waya wako mwembamba kabla haijakatika. Kutoka plagi, waya wa nyuzi tatu unafika kwenye swichi kuu nje ya friji. Baada ya swichi, laini (waya wa moto) igawanyike mara mbili, na hapa ndipo uhamishaji wako mkubwa ulipo. Tawi la kwanza liende moja kwa moja kwenye adapta, bila kupita themostati, ili feni iwe hai muda wote swichi ikiwa imewashwa. Themostati nayo ichukue chakula chake kwenye tawi hili. Tawi la pili lipite kwanza kwenye swichi ya usalama ya joto, nitaieleza sasa hivi, kisha liingie kwenye rilei ya themostati (swichi yake ya ndani), litoke liende kwenye taa zako mbili zilizofungwa sambamba. Nyutro iende moja kwa moja kwenye taa, adapta na themostati. Ethi ifungwe kwa skrubu kwenye bati la friji. Friji ni chuma, ndani kuna unyevu, na mkono wako utakuwa unaingia humo kila wiki. Tafadhali usiiache.

Taa mbili sambamba umefanya vizuri. Moja ikiungua nyingine inabeba, kwa sababu friji inatunza joto: chumba kikiwa digrii 8 alfajiri ya Julai na ndani ukitaka 30, friji ndogo yenye mpira mzima wa mlango hupoteza kama wati 25 hadi 35 hivi. Zifunike kwa kopo la bati lililotobolewa, mayai hayahitaji mwanga.

Swichi ya usalama ni ile KSD301, kiduara kidogo kama kizibo cha chuma chenye miguu miwili. Omba inayokata ikifika digrii 45, ya aina ambayo ikiwa baridi umeme unapita. Ibane karibu na kopo la taa, upande wa juu. Feni ikizunguka, hewa ya pale inabebwa, swichi haifiki 45. Feni ikisimama, joto linarundikana pale pale na swichi inakata taa kabla mayai hayajajua kuna msiba. Ijaribu kabla ya kuiamini: toa mayai, chomoa feni makusudi, washa taa, kaa na kipimajoto uone inakata lini. Ikikata ovyo hata feni ikizunguka, isogeze mbali kidogo. Mama wa Uyole angekuwa na kidude hiki, ningekuwa na hadithi moja pungufu.

Upande wa volti 12, waya wa spika unatosha. Kibao au dayodi vikae nje ya friji pamoja na adapta. Ndani viingie feni, taa, swichi ya joto na kihisi tu. Unyevu wa ndani hula vibao taratibu. Viungo vya feni vilehemu na kuvalisha mpira wa kusinyaa, au tumia konekta ya skrubu. Kusokota na kubandika tepu kunalegea, na kiungo kilicholegea ni feni iliyosimama. Kihisi cha themostati kikae usawa wa mayai, katikati, kisitazame feni wala taa.

Vikishafungwa, tafuta volti ya kuamka. Kama una kibao, kishushe mpaka volti 2, feni imesimama, kisha pandisha kidogo kidogo mpaka ianze yenyewe bila kuguswa. Andika. Fanya hivyo mara kadhaa ukisimamisha panga zake mahali tofauti, kwa sababu kuna mkao mmoja ambao huwa mgumu kuliko mingine. Chukua namba kubwa kuliko zote uliyopata, ongeza volti moja na nusu, hapo ndipo pa kukaa. Ikiamka kwa 5, weka 6.5. Jaribio hili lifanye asubuhi na mapema feni ikiwa imelala nje na baridi, siyo saa nane mchana. Mwenye dayodi afanye kinyume: afunge saba, achomoe na kuchomeka plagi mara kumi, ikigoma hata mara moja, atoe mbili, ajaribu tena. Vumbi na uzee vitaifanya feni iwe nzito baadaye, ndiyo sababu ya ile volti moja na nusu. Kila msimu mpya wa mayai, ifute na urudie kipimo.

Ukifika hapo na bado upepo ni mwingi, usiendelee kushusha volti. Umefika sakafu. Sasa badilisha njia ya upepo. Geuza feni itazame ukuta wa nyuma au dari, hewa igonge pale na kurudi imechoka. Weka kipande cha bati au ubao mwembamba kati yake na mayai. Tumia feni ndogo ya sentimita 8 au 6 badala ya 12. Na mayai yenyewe yakae kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa matundu machache; hewa ya nje inazunguka boksi na kulipa joto, ndani ya boksi unyevu unatulia. Kwa mayai ya kobe ningefanya hili la boksi hata feni ingekuwa nzuri kiasi gani.

Kujua kama umepatia, ning'iniza kipande chembamba cha karatasi ya chooni pale mayai yanapokaa. Kitikisike kidogo, kisipepee. Halafu weka vipimajoto juu, chini, kushoto na kulia kwa saa kadhaa; tofauti ya nusu digrii ni nzuri sana, ya digrii nzima inavumilika, zaidi ya hapo feni haijakoroga na ubao wako umeziba njia. Vipimajoto vya bei nafuu hudanganyana, kwa hiyo viweke kwanza vyote pamoja mahali pamoja uone vinatofautiana kiasi gani.

Utaniuliza kuhusu betri ya feni umeme ukikatika. Mimi siweki. Feni bila taa inasaidia tu kusambaza ubaridi, na yai la kobe huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko linavyovumilia kupashwa kupita kiasi. Badala yake jaza maji chupa nne za lita moja na nusu uziweke ndani ya friji, sakafuni. Lita 6 zikishuka digrii 3 zinarudisha joto sawa na taa ya wati 25 kuwaka kwa dakika 50. Siyo usiku mzima, lakini ni bure, na pia zinatuliza joto lisiyumbe siku za kawaida.

Kupima uzito kila wiki ni kuzuri, ila nyanyua kila yai bila kuligeuza. Yai la kobe si la kuku. Likishakaa, kilichomo kinajishika upande wa juu, na kulizungusha kunaweza kukiua. Weka alama ya penseli juu ya kila moja kama hujaweka. Na kile kibali chako kutoka TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) kitaje kabisa vifaranga watakapotoka, ukatoe taarifa mapema. Kobe ni wanyamapori kwa sheria ya mwaka 2009, na mtu mwenye kobe 11 wadogo bila karatasi huonekana mfanyabiashara.

Leo jioni, hata kabla hujapata dayodi moja, fanya mambo mawili. Hamisha waya wa adapta utoke kwenye njia ya themostati, plagi ikiwa imechomolewa ukutani, feni izunguke muda wote. Kisha igeuze itazame ukuta wa nyuma. Upepo utakuwa bado mkubwa, lakini hautakuwa unapiga mayai usoni. Kibao au dayodi vinaweza kusubiri Jumamosi. Ukishamaliza, niandikie volti uliyoiona feni ikiamka na gramu za wiki mbili zinazofuata, za pande zote mbili.